Nilivyotafuta umri halisi wa Blaník yetu

Niko klabu ya glaida, ndege zisizo na injini, huku Ujerumani, na huku hakuna cha kuja kuruka tu, kila mwanachama lazima atoe masaa yake ya kazi hanga. Sasa 2010 mwezi wa sita bawa la Blaník L-13, glaida ya viti viwili, likakatika angani kule Austria, boriti kuu ya bawa ilikuwa na ufa wa uchovu wa metali, agizo la dharura likatoka, na sisi tunayo moja ya kufundishia. Fundi mkuu akanisukumia boksi la logibuku, vile vitabu vya kuandikia kila mruko, we una subira, hebu tuambie hii imefanyishwa kazi gani maisha yake yote.

Nikadhani ni ya jioni moja. Wapi! Jumla ya masaa ilikuwa chini kabisa ya yale 3750 ambayo kiwanda kiliweka kama ukomo, nikaona tumepona. Kumbe hayo ni kwa matumizi ya wastani, na masaa peke yake yanadanganya. Ukikata waya bila plaizi si unaukunja huku na huku, unahesabu mikunjo sio dakika. Mwanafunzi anavutwa na winchi, mashine ya chini inayoivuta glaida kwa kamba hadi ipae, bawa linabeba mzigo haswa, anazunguka uwanja dakika tano sita anatua anapanga foleni tena, saa moja ya hewani hiyo ni mivuto kama kumi. Mwingine kavutwa na ndege kapata hewa nzuri kakaa juu masaa matatu, mvuto mmoja tu. Sarakasi za angani ndo usiseme.

Nikaanza kuhesabu mstari kwa mstari, W ni winchi, F ni kuvutwa na ndege, wiki tatu jikoni na mke wangu ananuna meza imejaa vitabu. Shida ikawa wale wenye ndege wa mwanzo, wameandika idadi ya miruko ya siku nzima tu, "41" basi. Nikampigia mwalimu mmoja mzee aliyeruka nao, akacheka, ndege ya kuvuta tungeitoa wapi sisi? Basi zote nikaziweka winchi. Sarakasi hakuna aliyeandika hata moja, na najua zilipigwa.

Jedwali tukalituma. Matundu ya ripiti tukayakagua kwa lenzi, ufa hatukuuona, lakini mwaka haujaisha L-13 zote zikapigwa marufuku kuruka.

Siku hizi tuna ASK 21, glaida ya faiba, na kitabu chake nakishika mimi. Nimeongeza safu ya sarakasi, vijana wananiita karani, na usipoijaza ufunguo wa hanga sikupi.