Mkataba ukishatiwa saini Uganda: kabla ya kumwandikia Spika, ulizia cheti cha Mwanasheria Mkuu

Mashirika ya kiraia hapa Kampala yana mazoea ya kumwandikia Spika yakiomba Bunge liridhie mkataba huu au ule. Mara nyingi barua hiyo huwa imebisha hodi mlango usio wake. Mikataba mingi ya Uganda haipigiwi kura bungeni hata kidogo.

Ibara ya 123 ya Katiba inampa Rais, au mtu aliyemwidhinisha, mamlaka ya kufunga mikataba na nchi au mashirika ya nje. Bunge liliachiwa kutunga sheria ya namna ya kuiridhia, nalo likatunga Sheria ya Kuridhia Mikataba ya mwaka 1998. Ni sheria fupi sana. Inalipa Bunge makundi mawili tu: mikataba inayohusu kusitisha vita, kutoegemea upande au amani, na mikataba ambayo Mwanasheria Mkuu wa Serikali amethibitisha kwa maandishi kwamba haiwezi kutekelezwa nchini bila kurekebisha Katiba. Makundi hayo mawili huridhiwa kwa azimio la Bunge. Iliyobaki yote huridhiwa na Baraza la Mawaziri, kisha huwekwa mezani bungeni.

Anayejisomea maandishi ya majirani hupotea hapa. Tanzania, ibara ya 63 ya Katiba yao inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2012, hupeleka mkataba Bunge la Taifa baada ya Baraza la Mawaziri kuukubali. Uganda si hivyo.

Kwa hiyo cheti cha Mwanasheria Mkuu ndicho kinachoamua njia. Angalia sheria inavyosema: amethibitisha *kwa maandishi*. Akinyamaza, mkataba unabaki kwa mawaziri. Kwa maoni yangu huu ni udhaifu mkubwa, maana mshauri wa serikali ndiye anayeamua kama serikali ikaombe ruhusa bungeni. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na ina maana kwamba hoja ya kikatiba ipelekwe kwake mapema, ikitaja ibara gani ya Katiba inagongana na kifungu gani cha mkataba. Ibara ya 119 inakusaidia, kwa sababu serikali hairuhusiwi kufunga mkataba bila ushauri wake wa kisheria. Faili lazima lipite mezani kwake.

Wizara husika ndiyo huandaa waraka wa Baraza la Mawaziri. Waraka huo uwe na nakala kamili ya mkataba pamoja na viambatisho, maoni ya Mwanasheria Mkuu, gharama za utekelezaji zilizoonwa na Wizara ya Fedha, orodha ya sheria za nchi zitakazoguswa, na maneno kamili ya tamko lolote la kukataa kufungwa na kifungu fulani. Hili la mwisho husahaulika, na dawa yake huwa ngumu baadaye: tamko la namna hiyo hutolewa wakati wa kutia saini, kuridhia au kujiunga. Uganda iliporidhia Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake mwaka 2010, ilitoa matamko yake juu ya kifungu cha 14 papo hapo. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, mwaka 2008, iliuridhia bila tamko la aina hiyo.

Ikiwa kweli mkataba umekwenda bungeni, kuna mtego wa hesabu. Azimio hupita kwa kura nyingi za wabunge waliopo na kupiga kura, ilimradi akidi imetimia. Kurekebisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge *wote*, katika kusomwa mara ya pili na ya tatu, na ibara nyingine zinahitaji pia kura ya maoni ya wananchi au kuridhiwa na mabaraza ya wilaya. Azimio likipita, hati ya kuridhia ikapelekwa nje, na marekebisho yakakwama, Uganda imejifunga nje kwa jambo ambalo Katiba yake hairuhusu, na Mkataba wa Vienna wa 1969, unaoweka kanuni za mikataba yote, haukubali sheria ya ndani kuwa kisingizio. Afadhali hati isipelekwe mpaka marekebisho yapite.

Maana kuridhia nyumbani pekee hakutoshi. Waziri wa Mambo ya Nje hutia saini na muhuri hati ya kuridhia, kisha hati hiyo hukabidhiwa kwa anayetunza mkataba: New York kwa ile ya Umoja wa Mataifa, Addis Ababa kwa ya Umoja wa Afrika, Arusha kwa ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009, ilingoja hati za nchi zote wanachama kabla ya kuanza 1 Julai 2010.

Tarehe ya kukabidhi si jambo dogo. Uganda ilikabidhi hati ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, 14 Juni 2002. Mkataba wenyewe ulianza 1 Julai, lakini kwa kanuni yake ya kuanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata siku ya 60 tangu kukabidhi, kwa Uganda ulianza 1 Septemba. Ili Mahakama hiyo iweze kuugusa mwanya huo wa miezi miwili katika kesi ya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), serikali ililazimika kutoa tamko la ziada mwaka 2004.

Hata hapo, hakimu wa Gulu hana sheria mpya mkononi. Kwa ibara ya 79, ni Bunge, au aliyepewa mamlaka na sheria ya Bunge, anayeweza kuweka masharti yenye nguvu ya sheria. Sheria ya kuuingiza Mkataba wa Roma nchini ilipatikana mwaka 2010, miaka minane baadaye. Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa LRA, aliposhtakiwa kwa makosa ya kabla ya hapo, waendesha mashtaka hawakuweza kuitumia. Walirudi kwenye Sheria ya Mikataba ya Geneva ya 1964, kanuni ya adhabu na mila za sheria za kimataifa. Mkataba dhidi ya mateso ulikawia zaidi: Uganda ilijiunga 1986, sheria ikatungwa 2012.

Kuhusu kuweka mkataba mezani bungeni, Sheria ya Kuridhia Mikataba inasema ifanyike mapema iwezekanavyo, bila kutaja siku. Ndiyo maana huchelewa, na hapa ndipo barua kwa Spika au mbunge ina kazi: aulize waziri atauleta lini, na mswada wa utekelezaji uko wapi. Mfano wa kumwonyesha ni Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, ambayo imeupa Mkataba wa Paris, ulioridhiwa 2016, nguvu ya sheria nchini. Waandishi wa mswada wana kielelezo cha kunakili.