Vyombo Vitupu vya Majirani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na yule mama mjane wa 2 Wafalme 4, ile mistari saba ya kwanza tu, na kuna kitu nimekiona humo ambacho miaka yote nilikuwa nakipita, kinachogusa jinsi tunavyowatendea wenye maduka madogo.

Habari yenyewe wengi tunaijua. Mume amekufa, alikuwa mcha Mungu na wa kundi la wana wa manabii, ila ameacha deni, na anayedai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake. Mama anamlilia nabii Elisha. Elisha hampi hela, anamuuliza una kitu gani nyumbani, mama anasema sina kitu ila chupa ya mafuta, basi anaambiwa atoke nje akaombe vyombo kwa majirani zake wote, vyombo vitupu, na asiombe vichache. Akajifungia ndani na wanawe, wao wanaleta vyombo yeye anamimina, wanaleta anamimina, mpaka anasema niletee kingine na mtoto anamjibu hakuna kingine. Hapo ndo mafuta yakakoma.

Huwa tunahubiri imani ya yule mama na tunaushangilia muujiza, na ni sawa kabisa. Lakini mimi safari hii nilibaki nje ya mlango, kwa majirani. Hebu waza mtu anakupigia hodi anakuomba mtungi mtupu, yaani hakuombi cha ndani maana ndani hamna kitu, na wewe pengine unajua fika ana madeni na unajiuliza huyu mtungi anaupeleka wapi na utarudi lini. Ukampa. Na wa nyumba ya pili akampa, na wa tatu. Katika ile habari hakuna jirani aliyeambiwa alipe lile deni, waliombwa kitu ambacho kilikuwa kimekaa tu kwenye kona ya nyumba. Na mlango ulipofungwa hawakuona chochote. Ila soma tena taratibu, mafuta yaliishia pale vyombo vilipoishia! Mungu hakuishiwa mafuta jamani, vyombo ndo viliisha. Ukubwa wa ule muujiza ulikuwa umepita kwenye mikono ya watu ambao hawakujua hata wanashiriki nini.

Halafu mstari wa 7, nenda kayauze, ulipe deni, na kinachobaki utumie wewe na wanao. Kumbe habari inaishia sokoni. Na kama mafuta yaliuzwa basi kuna watu walinunua, na Biblia haiwataji hata mmoja, lakini bila wao yule mama angebaki na nyumba imejaa mafuta mpaka mlangoni na anayedai angekuja vilevile. Stoku ambayo haijanunuliwa hailipi deni. Mwenye duka dogo yeyote ukimsomea mstari huo ataitikia kwa kichwa kabla hujamaliza.

Maana duka dogo ndo linavyoishi. Mauzo ya leo ndo mzigo wa kesho, hakuna kisima kingine cha kuchota. Kampuni kubwa inanunua mzigo mkubwa kwa mkupuo kwa hiyo inapewa bei ya chini, na mara nyingi inapewa na muda wa kulipa, mwezi, miezi miwili, wakati mtu wa duka moja mara nyingi analipa keshi, saa ingine kabla hata mzigo haujafika. Siku ikienda vibaya kwa yule mkubwa ni namba kwenye ripoti. Huyu mdogo siku tatu bila mteja ni kodi ya chumba, ni umeme, ni mshahara wa yule kijana anayemsaidia, na hivyo vitu havimuulizi leo umeuza au hujauza. Kwa hiyo kitu ambacho kwako ni kidogo sana, kwake kinaweza kuwa ndo kile chombo ambacho mtoto alikuwa anakitafuta akakikosa.

Na vyombo vitupu tunavyo wengi tu. Una simu. Umenunua kitu kwa fundi au kwa muuza vitabu au kwa mtu wa saluni, amekuhudumia vizuri umeondoka umefurahi, basi furaha yako inakufa na wewe pale mlangoni. Ukikaa dakika mbili ukaandika kwenye ile sehemu ya maoni ya duka lake mtandaoni, tena usiandike "nzuri" tu, sema ulienda kutafuta nini, alikusaidiaje, kitu kimedumu au hakijadumu, hayo maneno yanabaki pale usiku na mchana na mgeni ambaye hajawahi kusikia lile duka anayasoma anapata ujasiri wa kuingia. Yule mgeni akihudumiwa vizuri anamwambia dada yake. Dada yake anaweka picha stetasi. Yesu alisema habari ya chachu, mwanamke akaificha ndani ya pishi tatu za unga (Mathayo 13:33), na ukisoma vizuri ni neno "akaificha", haionekani ikifanya kazi, unakuja kuona tu donge limeinuka lote.

Kingine ni kuuliza kwanza. Kabla hujaagiza kitu kwenye yale masoko makubwa ya mtandaoni mpigie mwenye duka, muulize unacho, au unaweza kuniagizia? Mara nyingi anaweza. Na hata kama hana, sasa amejua kuna mtu anakitaka, na kwa mfanyabiashara hiyo ni habari yenye thamani. Sisemi ni dhambi kununua kwa wakubwa, wana wafanyakazi wao nao wana watoto, na kuna mwezi ambao mfuko wenyewe unaamua. Nasema tu kuuliza ni bure.

Sasa kuna jambo linaniuma kidogo na naomba niliseme kwa upendo. Mithali 20:14 inamwonyesha mnunuzi anasema haifai, haifai, halafu akishaondoka anaenda kujisifu. Solomoni alituona. Unashika kitu cha mtu ambacho amekitengeneza usiku kucha kwa mikono yake, unakigeuza, unakunja uso, unakitafutia kasoro ambayo huioni ili tu ashushe bei, akishashusha unaenda kuwaonyesha wenzako jinsi ulivyokipata kwa bei ya kutupa. Kujadiliana bei hakuna ubaya. Ila kumvunja mtu moyo juu ya kazi yake ili wewe uokoe kidogo, na kumbe moyoni umeipenda, hiyo ni kusema uongo, na ndo mtu ambaye Mithali inamwonyesha. Na kuna ile ya sisi kwa sisi, "si ni mpendwa mwenzangu, nipunguzie", yaani mtu akijulikana ameokoka basi duka lake limekuwa la ushirika, kila mtu anachukua na kumwachia neno la "Mungu atakulipa". Mungu atamlipa, ndiyo. Lakini Mungu yuleyule kwenye Kumbukumbu 24 aliagiza kibarua maskini apewe ujira wake siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake unautegemea. Kama ni ndugu yako katika Bwana, wewe ndo ungekuwa wa kwanza kulipa bei kamili tena kwa wakati.

Na wenye maduka mnaosoma hapa, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, mnaujua huo mstari, siwezi kuwaambia watu wawasifie kazi mbovu. Mteja akiona tatizo aje akuambie kwa siri kwanza kabla hajaliandika huko nje, na wewe umpokee usinune.

Hapa sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Daftari. Kuna maduka yana lile daftari la madeni, la mistari, kurasa zimekunjika pembeni, jina, kitu, kiasi, na waliolipa jina limepigwa mstari juu. Nimewahi kuliona kwa karibu likifunguliwa jioni, mwenye duka anapitisha kidole taratibu kutoka juu mpaka chini bila kusema neno, akifika kwenye jina fulani kidole kinasimama, halafu kinaendelea. Majina ambayo hayajapigwa mstari yalikuwa mengi kuliko yaliyopigwa. Na jina langu lilikuwa mojawapo. Kiasi chenyewe kidogo tu, ndo maana nilikuwa nakisahau kirahisi, nikisema kwani hiki kitamfanya nini. Hakuninyooshea kidole wala hakuniambia kitu, akafunga daftari akanitakia usiku mwema. Mithali 3:28 inasema usimwambie jirani yako nenda urudi kesho nitakupa, na wewe unacho sasa hivi. Nilikuwa nacho wapendwa. Nilikuwa nacho siku ile na wiki ile yote, nikanyamaza.

Nimehesabu baadaye, kama watu ishirini tumefikiri "kwani hiki changu kitamfanya nini", basi ndo ule mzigo ambao hakuuleta, na mteja aliyekuja akaambiwa kimeisha akaenda kwingine asirudi, na yule aliyempa mali kwa mkopo naye anasubiri, na dereva wa yule naye anasubiri. Kama wema unavyosambaa, na kunyamaza kwetu nako kunasambaa, tena kimyakimya.

Paulo aliandika kwa Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa wake Filemoni, kama amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa, na akasisitiza kwamba hayo ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Huwa tunaufundisha mstari huo kama picha ya Kristo kubeba deni letu na ni kweli kabisa, moyo wangu unashukuru kila nikiusoma. Ila kwanza kabisa lilikuwa ni deni la kweli, la mtu wa kweli, na Paulo alikuwa tayari kutoa hela. Kuna mtu kwenye lile daftari ambaye najua hana uwezo, kaugua muda mrefu. Jina lake liko mistari miwili juu ya langu.

Nimetenga kiasi cha madeni yote mawili kwenye bahasha, iko ndani ya Biblia hapo kwenye 2 Wafalme. Jumamosi duka likifunguliwa nataka niwe mtu wa kwanza mlangoni, nimwombe afungue daftari, na nisimame pale mpaka apige ile mistari miwili. Niombeeni nisipitie njia ingine.