Hofu ya saa nane usiku

Mchana sina shida. Mchana kuna cherehani, kuna mteja anayetaka kikwembe chake, yaani kitenge, kishonwe kiishe kabla ya harusi ya Jumamosi. Saa nane usiku ndipo mambo yanapoharibika. Macho yanafunguka yenyewe, na kabla sijakumbuka leo ni siku gani, hesabu zimeshaanza: kodi ya nyumba, minervali, yaani karo ya watoto, makala ya kupikia. Pesa zikiisha kuhesabiwa, wanaanza kuja watu. Nani amenipita sokoni Virunga bila kunisalimia. Kwa nini Mama Prezida wa likelemba yetu, ile michango ya pesa tunayopokea kwa zamu, yuko kimya, na zamu yangu imeshafika.

Sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hofu hatukuiokota njiani. Waliokuwepo Januari 2002 waliona volkano ikipita katikati ya mji. Jumamosi ya 22 Mei 2021 mbingu ikawa nyekundu tena juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, tukakimbia usiku na watoto mgongoni, na moto ukaja kusimama Buhene, pembeni mwa mji. Siku chache baadaye, ardhi bado inatetemeka, tukaambiwa tuhame: wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine meli za Bukavu. Halafu ikaja vita ya Januari 2025, mabenki yakafunga milango. Kwa hiyo mtu akishika mikrofoni akaniambia kwamba kuogopa ni kukosa imani, namsikiliza kwa heshima tu.

Na vyumba vya maombi, nina neno navyo. Si vyote, kuna vilivyonilea. Lakini kuna vile ambamo mama anafika analia, usingizi umemkimbia, na anaambiwa afunge siku tatu (mtu ambaye hata jana hakula vizuri!), na mwisho wa maombi "anafunuliwa" kwamba kuna mtu wa karibu, wa upande wa mume, anayemfungia njia. Anarudi nyumbani akimtazama wifi yake kwa jicho jingine. Aliingia na hofu, ametoka na adui. Hofu yenyewe iko palepale, ila sasa inalala chumba cha pili na inapika naye jiko moja.

Someni Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii mzima, aliyeshusha moto Karmeli, anamkimbia Yezebeli, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei pepo la hofu wala hamtajii mchawi. Anamgusa: inuka, ule. Mkate na maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa, anakula tena. Maneno yanakuja baadaye. Tangu niuelewe mstari huo, usiku mbaya ukipita, asubuhi nakunywa uji kwanza ndipo niongee na mtu. Na mwenzangu ambaye usingizi umempotea wiki kwa wiki, simwambii aongeze maombi tu, namwambia pia aende kwa daktari.

Paulo naye alikuwa kifungoni alipowaandikia Wafilipi "msijisumbue kwa neno lo lote". Zamani mstari huo ulikuwa unaniudhi. Niliuona kama amri ya mtu mwenye mshahara. Lakini endeleeni mpaka anaposema haja zenu na zijulikane na Mungu. Zijulikane! Basi sasa nazitaja moja moja, kwa sauti ndogo ili nisiwaamshe watoto, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: Bwana, ni kodi ya mwezi huu, ni viatu vya yule wa pili, na ni Mama Prezida, nimeanza kumwaza vibaya.

Kwa mawazo ya namna hiyo, mstari wa nane wa sura hiyohiyo, Wafilipi 4, umenisaidia kuliko mafuta yote ya upako. Paulo anataka tutafakari mambo mengi mazuri, lakini anaanza na yaliyo ya kweli. Kwa hiyo nikajiuliza palepale kitandani: ya kweli ninayoyajua juu ya mama huyu ni yapi? Najua mume wangu alipougua alikuja na unga na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, bila kuitwa. Najua kwamba hajagawa pesa za likelemba. Kwamba amezila, hilo sikulijua. Lilikuja lenyewe usiku, na mimi sikulipa kiti.

Asubuhi nikaenda kwake.

"Yaya, nina swali, usikasirike."

"Uliza, mdogo wangu."

Nikamuuliza. Hakusema kitu, akafungua fundo la kikwembe chake kiunoni, akatoa pesa. Zote zilikuwepo. Ila noti ya dola 20 ilikuwa imechanika pembeni, kipande kidogo kuliko ukucha, na kila mtu anajua dola ya namna hiyo hapa hata muuza unga anairudisha. Alikuwa amezunguka nayo, na benki hakuna.

"Nitakupaje pesa ambayo utakataliwa nayo mbele ya watu?" akaniambia. "Nimeona haya."

Tukacheka kidogo, kisha akaomba, maombi mafupi. Kodi bado sijaimaliza, na jana usiku niliamka tena saa ileile. Kuhusu ile noti, kuna kambisti, mbadilisha pesa, mmoja karibu na mtaa wa Birere anayezichukua zilizochanika, anakata chake. Kesho tunaenda wote wawili, hasara tutagawana.