Usimwambie karani "niandike hapo tu"

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 88, inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) isajili wapiga kura mfululizo. Kwa hiyo huna haja ya kungoja msimu wa mahema na vipaza sauti. Nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lako na kitambulisho cha kitaifa, au pasipoti ambayo haijaisha muda. Karatasi ya kungojea kitambulisho haikubaliwi, na hapo ndipo vijana wengi waliotimiza miaka 18 hukwama: wanaomba kitambulisho siku za mwisho, nacho kinatoka usajili umeshafungwa. Sheria husimamisha usajili siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Ukitokea uchaguzi mdogo kwenu, husimama tangu siku kiti kinapotangazwa kuwa wazi.

Karani akikuuliza utapigia kura wapi, fikiri vizuri kabla ya kujibu. Kituo ndicho kinachoamua karatasi utakazopewa. Kati ya kura sita, ya rais tu ndiyo ile ile nchi nzima; gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi) watafuata ulikoandikishwa. Anayepanga nyumba Nairobi lakini kaandikishwa Kitui atahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti, katikati ya wiki ya kazi. Jiandikishe pale utakapoamkia Jumanne hiyo.

Ukihama, omba kuhamishiwa kituo angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, kwa kufika mwenyewe ofisi ya eneobunge unakohamia. Usijiandikishe mara ya pili. Hilo ni kosa la jinai.

Kwenye mashine ya BVR, inayosajili wapiga kura kwa alama za mwili, karani huingiza maelezo yako, hukupiga picha na kuchukua alama za vidole. Kabla hajamaliza, mwombe akugeuzie skrini. Soma namba ya kitambulisho tarakimu moja moja, kisha majina na jina la kituo. Siku ya kura, kidole kikikataa, hutafutwa kwa namba hiyo. Tarakimu moja ikikosewa hapa, utarudishwa kule na kitambulisho chako halali mkononi. Wachuma chai, waashi na wafua nguo ndio husumbuka zaidi, kwa kuwa ngozi ya vidole imesuguliwa na kazi. Pangusa vidole kwa kitambaa chenye unyevu, vikauke, bonyeza bila kuburuta. Na ukijisajili kwa pasipoti, utapiga kura kwa pasipoti hiyo, si kwa kitambulisho.

Kisha, kabla ya uchaguzi mkuu, kuna siku 30 za wananchi kuhakiki taarifa zao kwenye sajili ya wapiga kura, ambazo watu huzipuuza, na mimi naziona kuwa muhimu kuliko kampeni yote. Weka kidole kwenye mashine wakati huo, kungali na muda wa kusahihisha.

Lakini mwananchi hawezi kuisafisha sajili peke yake. Ukaguzi wa sajili uliofanywa na kampuni ya ukaguzi ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta marehemu 246,465 na rekodi 481,711 zilizojirudia, katika sajili iliyofikia wapiga kura milioni 22.1. Wengi wa marehemu hao hawakuwekwa na mtu kwa hila. Mzee akifia nyumbani kijijini, familia huchukua kibali cha mazishi kwa naibu chifu, huzika, na cheti cha kifo hakifuatwi kamwe kama hakuna shamba la kurithi wala pesa benki. Tume haina cha kumfutia. Mageuzi ninayoyataka ni haya: kibali hicho kiandikwe namba ya kitambulisho ya marehemu, na taarifa iende kwa msajili wa vifo na IEBC moja kwa moja, bila kumtuma mjane mjini kufuata karatasi nyingine.