Intel au AMD: kabla hujatoa shilingi zako Kampala

Ukiuliza dukani Kampala kati ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel na za AMD zipi ni imara, utajibiwa kulingana na kilichopo kwenye rafu. Mwenye Intel atakuambia AMD huchemka. Hayo ni maneno ya enzi za FX, prosesa za zamani za AMD, kabla familia yake ya Ryzen haijatoka mwaka 2017, na yalipaswa kuzikwa zamani. Kwa miaka ya karibuni, mwenye doa kubwa zaidi ni Intel.

Doa lenyewe liko kwenye prosesa za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, kuanzia i5-13600K kwenda juu. Zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi, na saketi ya ndani inayogawa mapigo ya saa ikachakaa mapema. Dalili zake hupoteza fundi: gemu linajifunga likidai kumbukumbu ya video imeisha ilhali kadi ina nafasi tele, au programu ya 7-Zip inagoma kufungua faili lisilo na kasoro ikisema limeharibika. Utabadilisha ramu, utabadilisha kadi, na tatizo litabaki palepale. Intel ilitoa mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa, huja na sasisho la BIOS) 0x129 mwezi Agosti 2024, ikafuatiwa na 0x12B Septemba, kisha ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Mikrokodi huzuia tu, haiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kwa hiyo i7-13700K ya mtumba isiyo na risiti iache, hata bei ikiwa ya kutupa: huwezi kujua ilitumika muda gani na BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine) ya zamani. Kizazi cha 12 hakimo kwenye balaa hili, na i5-12400 bado ni prosesa ya kuaminika.

AMD nayo si malaika. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua ndani ya soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) kwa sababu mazabodi zilipeleka volti nyingi kwenye sehemu ya prosesa iitwayo SoC. Kikomo kikawekwa kwenye 1.3 V kupitia BIOS mpya. Mazabodi ya AM5, soketi ya Ryzen 7000, iliyokaa dukani tangu wakati huo isasishwe kabla ya kuwekewa X3D.

Kwa thamani ya pesa naipa AMD ushindi, na sababu ni soketi. AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, imebeba Ryzen 1000 hadi 5000. Mwenye mazabodi ya B450 na Ryzen 5 2600 anaweza kupanda hadi Ryzen 5 5600 bila kununua mazabodi mpya. Intel ilihama kutoka soketi ya LGA1151 kwenda LGA1200 mwaka 2020, LGA1700 mwaka 2021, LGA1851 mwaka 2024. Ila ukipandisha prosesa kwenye AM4, sasisha BIOS ile ya zamani ikiwa bado ndani. Ukishaitoa, mashine inaweza kukataa kuwaka na hiyo mpya.

Kuitoa nako kuna namna yake. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, na pasta ya kupitisha joto ikikauka huigandisha kwenye kipoozeo. Ukivuta kipoozeo wima, prosesa inang'oka ingawa soketi imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine dakika 10 ipate joto, izime, chomoa waya, fungua skrubu, kisha zungusha kipoozeo kulia na kushoto hadi kilegee. Kwa Intel, pini ziko kwenye soketi: mazabodi ya mtumba imulike kwa tochi ya simu uone kama zimepinda kabla ya kulipa.

Halafu kuna kioo cheusi kinachosingiziwa ubovu. Ryzen 5 5600 na i5-12400F hazina grafiki za ndani. Kama hununui kadi, chukua 5600G au 12400 isiyo na F. 5600G iwekee ramu mbili za GB 8, si moja ya GB 16. Grafiki zake hula kwenye ramu hiyohiyo, na ramu moja hutoa njia moja tu ya data, ambayo huzikaba.

Umeme ukicheza hauchagui nembo, na mara nyingi mazabodi au pawasaplai ndiyo hutangulia kufa. Nunua UPS.

Kwa mashine za ofisi za mtumba mambo yanageuka: Intel ndiyo rahisi, kwa kuwa OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP zimejaa na vipuri vyake pia. Anzia kizazi cha 8, mfano i5-8500, kwani Windows 11 haikubali rasmi i5-7500, na Windows 10 iliachwa Oktoba 2025. Ukishikishwa Ryzen PRO, Ryzen za mashine za ofisi, iliyotolewa kwenye mashine ya Lenovo, dai iwashwe kwanza kwenye mazabodi ya kampuni nyingine. Baadhi zimefungwa kwa Lenovo, na kwingine hazitawaka kamwe.