Ijumaa za sifuri

"Leo nimepata nondo watatu," nilimwambia kaka yangu kwenye simu mwezi wa Desemba. Kaka ni fundi ujenzi, Tanga. Akanisahihisha papo hapo: "Tatu. Huko Ulaya umeshaanza kutupa Kiswahili. Za milimita ngapi?"

Kwake nondo ni chuma cha kusukia nguzo kabla ya kumwaga zege, na hakuna mwenye akili timamu anayehesabu vyuma kwa "watatu". Nikamwambia hawa ni wadudu, wana mbawa, ukipima ncha hadi ncha hawazidi milimita 30. Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, lakini kazi unayo?"

Kazi ninayo. Nahudumia wazee kwenye makao yao hapa Leicester, zamu ya usiku, saa mbili hadi saa mbili. Nondo ni wa Ijumaa, usiku wangu wa mapumziko. Mtego niliachiwa na mzee jirani alipohamia kwa binti yake: sanduku la mbao, balbu juu, upenyo mwembamba chini yake, na ndani trei za mayai za karatasi. Mdudu anafuata mwanga, anateleza ndani, anatafuta kishimo cha trei, anajikunja humo mpaka asubuhi. Unamtazama, unamwandika, unamwachia. Ile balbu ina mwanga wa samawati mkali, na mwaka wa kwanza jirani wa upande wa pili aliniuliza, kwa adabu zote za Kiingereza, kama kuna kitu tunaotesha nyuma ya nyumba. Nikamwita aje aone. Alizitazama zile trei, akanitazama mimi, akaaga.

Julai kazi ni nyepesi, trei zinajaa. Baridi ndiyo yenye maneno. Kuanzia mwisho wa Novemba naamka Ijumaa kuamkia Jumamosi, navaa koti juu ya kanga, natoka, naokota trei moja moja zilizolowa, nageuza. Hakuna. Nageuza nyingine. Hakuna. Ya mwisho ina buibui.

Mwaka wa kwanza Ijumaa za namna hiyo sikuziandika. Niliona aibu, nitamtumia mtu karatasi tupu? Nchi hii kila eneo lina mtu anayekagua kumbukumbu za nondo, na sisi eneo letu ni namba 55, Leicestershire na Rutland kwa pamoja. Ramani ya maeneo hayo ilichorwa mwaka 1852 na Hewett Cottrell Watson, aliyekuwa akishughulika na mimea, akaigawa Uingereza pamoja na Wales na Scotland vipande 112, na mpaka leo havijaguswa. Serikali iliifanya Leicestershire iimeze Rutland mwaka 1974, ikaitapika 1997. Namba 55 ikabaki vilevile. Nilipoelewa hilo nilikumbuka kwetu Muheza walivyomegewa Mkinga, na watu wakalala wilaya moja wakaamkia nyingine bila kuhama nyumba.

Basi nilipotuma kumbukumbu zangu, yule mkaguzi alinijibu kwa upole: Ijumaa sita hazipo, hukuwasha taa? Nikamwandikia, niliwasha, hawakuja. Akasema, basi hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe. Andika sifuri.

Nilijiona mjinga, maana jambo hili nalifanya kila usiku kazini. Saa sita, saa nane, saa kumi napita mlango kwa mlango, na kila mzee naandika: amelala, anapumua vizuri, hakuamka. Kurasa na kurasa za usiku ambao hakuna kilichotokea. Siku bibi mmoja akianza kuamka saa nane, ni zile kurasa zinazotuonyesha kwamba jambo hili ni geni. Kama tungekuwa tunaandika usiku wenye matukio tu, tungedhani alikuwa hivyo siku zote.

Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Hertfordshire, mtaalamu wa wadudu C. B. Williams aliweka mtego wa taa mwaka 1933, na tangu miaka ya 1960 mitego ya namna hiyo imetawanywa nchi nzima, inawaka kila usiku wa mwaka, theluji au mvua. Ndiyo maana wanaweza kusema kwamba kati ya mwaka 1968 na 2017 idadi ya nondo wakubwa wa nchi hii ilipungua kwa asilimia 33. Hesabu hiyo isingewezekana kama kila mtu angefanya kama mimi, kuficha usiku mtupu.

Lakini Desemba hii nimejifunza kwamba hata sifuri yangu ilikuwa ya upande mmoja.

Wale watatu niliomwambia kaka walikuwa *Operophtera brumata*, nondo wa majira ya baridi hasa, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Wanaruka nyuzi joto zikiwa nne, tatu. Popo wamelala wakati huo, na ndege wengi wala-wadudu wamekwenda zao kusini, hivyo baridi ndiyo ulinzi wao. Wana mwili mwembamba na mbawa pana, hawahitaji nguvu nyingi kujibeba. Wote watatu walikuwa madume. Walikuwa madume mwaka jana, na mwaka juzi. Majike hayaji kwenye taa kwa sababu hayaruki. Mbawa zao ni vijipande tu, nguvu yote imekwenda kwenye mayai.

Kwa hiyo usiku wa tarehe 13 nilichukua tochi nikaenda kwenye mtofaa ulioko mwisho wa bustani. Nilipiga tochi kwenye gome taratibu, kuanzia kwenye mizizi. Konokono. Ukungu. Kisha kwenye usawa wa goti nikaona kitu kama punje ya pilipili manga iliyoota miguu, kinapanda. Tumbo limejaa mpaka linameta, mbawa nne fupi zimesimama mgongoni kama kola ya shati iliyopigwa pasi vibaya. Ametoka ardhini jioni ileile, na safari yake nzima ni shina hilo: apande, aite dume kwa harufu, atage kwenye nyufa za gome. Mayai yataanguliwa machipukizi yanapofunguka, na viwavi wake ndio wanaolisha vifaranga wa wale ndege wadogo wenye kofia ya buluu. Wenye bustani za matunda hufunga utepe wa gundi kwenye shina ili asipite. Mimi sina roho hiyo. Matofaa yangu hata hivyo hayaliki, machachu.

Nilimfuata na tochi mpaka akafika usawa wa uso wangu. Nikahesabu shina lote: majike manne. Mita kumi na mbili kutoka kwenye mtego, na miaka miwili nilikuwa naandika kana kwamba hayapo.

Februari niliwajaribu kwa chambo. Mapishi ya huku yanataka sukari nyeusi na bia. Mimi na bia mbalimbali, nikapitia Belgrave Road nikanunua sukari guru kwenye duka la Wahindi, nikaichemsha na ndizi zilizooza mpaka nyumba ikanuka kama kilabu cha pombe, sijui niliepuka nini. Nikapaka kwenye shina kwa brashi ya rangi. Saa tatu usiku alikuwepo mmoja, *Eupsilia transversa*, wa kahawia iliyokolea, kwenye kila bawa la mbele doa jeupe na vidoa viwili vidogo pembeni, kama mwezi uliozaa. Nilimpandisha kidoleni. Huyu ana mwili mnene na hawezi kuruka akiwa baridi, lazima ajipashe moto kwanza. Akaanza kutetemeka, mbawa hazipigi, zinatetema tu kama simu iliyozimwa sauti. Nilihisi kwenye ngozi. Dakika moja, labda moja na nusu. Halafu kidole kikawa kitupu.

Kaka nilimtumia picha ya jike. Amejibu kwa sauti, anacheka: "Hili nalo ni nondo? Mbona halina hata mbawa?"

Ijumaa iliyofuata: nyuzi 1, upepo wa kaskazini, anga wazi. Taa imewaka usiku kucha. Mtego, 0. Shina, dakika kumi kwa tochi, 0.