Kreti Inakatwa Mara Mbili

Ilikuwa Machi, msimu wa zabibu, nami ni katibu wa chama chetu cha wakulima, kijiji kimoja nje kidogo ya Dodoma mjini. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya cheti cha kidato cha nne, na pamoja nao ufunguo wa sanduku la maoni. Mara nyingi humo nilikuta maganda ya karanga.

Siku hiyo nikakuta karatasi mbili. Moja ina jina kamili, namba ya simu na sahihi ya madaha: katibu kanunua pikipiki kwa hela za chama. Katibu ndiye mimi, ambaye hata baiskeli sikuwa nayo. Ya pili imechanwa kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba vyumba, haina jina: "Kreti inakatwa mara mbili. Angalieni mshale."

"Hiyo tupa," mweka hazina akaniambia. "Mkweli hafichi jina."

Rahisi kwake kusema. Mpimaji ndiye aliyeamua zabibu za nani zipimwe leo na za nani zilale juani mpaka kesho.

Kesho yake alfajiri nikaenda kwenye mizani. Haina kitu, lakini mshale umesimama nyuma ya sifuri, kilo mbili kamili. Nikatundika kreti tupu. Mshale ukapanda, ukatua sifuri. Sawa, uzito wa kreti umeshaondolewa. Nikafungua daftari la mapokezi: kila mstari, kilo mbili zimetolewa tena. Aliyeleta kreti 40 alikuwa ameacha pale kilo 80 za zabibu zake.

Kikao kilikaa chini ya mbuyu. Mpimaji akasema alipitiwa. Huenda. Ila mwenyekiti hakuuliza habari za kilo hata kidogo.

"Nani kaandika hii? Katibu, lete daftari la mahudhurio tulinganishe mwandiko."

Usiku ule nilikuwa nimeshalinganisha mwenyewe. Naona aibu kusema, lakini nilishindwa kujizuia. Ile "k" yenye mkia mrefu ilikuwa ya mama mmoja ambaye sasa alikaa safu ya nyuma, anafunga upya kanga ambayo haikuwa imefunguka.

"Nimelisahau nyumbani, Mwenyekiti."

Nilikuwa nimelikalia. Jalada lake gumu liliniumiza mpaka kikao kilipofungwa, na sikuthubutu kusogea.